Jibu: Namba kwenye skani ya ubongo ya mzee

Pole na mzee, ndugu. Umeuliza ile namba ya skani ya dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kutembea na kujongea) inasemaje. Iko hivi, wanamchoma sindano ya ioflupeni, dawa yenye mionzi kidogo, masaa 3 hadi 6 baadae ndo wanapiga picha, kisha kompyuta inalinganisha dawa iliyonaswa katikati ya ubongo na ile ya upande wa kisogoni, uwiano ukishuka chini ya watu wa umri wake ujue neva za dopamini zimepungua. Kwa asiyeumwa kwenye picha utaona alama mbili za umbo la koma (,) zinang'aa, kwa mwenye Pakinsoni (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa) mkia wa koma unafutika inabaki nukta, mara nyingi upande mmoja unatangulia. Ila haitofautishi Pakinsoni na magonjwa mengine ya ubongo yanayofanana nayo, kama MSA au PSP, hapo lazima daktari wa neva ampime mwenyewe! Na kama anatumia bupropioni (dawa ya sonona) mwambieni daktari mapema, inavuruga kipimo.