Usimfiche mtoto fremu ya mguu

Usimfiche! Dada, umeandika kwamba mwanao wa miaka 6 anawekewa fremu ya kurefusha mguu wiki mbili zijazo, na mpango wenu ni kumwambia mnaenda kupiga picha tu, kisha avalishwe ile miwani ya video mpaka dawa ya usingizi imchukue. Ukauliza miwani ipi ni nzuri, nguo gani mbebe, atalala wodini siku ngapi. Hayo mengine yatajipanga. Hilo la kumficha nakuomba uliache leo hii, maana mimi nililifanya.

Binti yangu alikuwa na miaka 7. Aliyenishauri ni mhudumu wa hospitali hiyo hiyo tuliyopangiwa: "Mtoto mkimwambia mnamtia hofu bure. Akivaa miwani hata sindano hataiona." Kweli hakuiona. Aliingia thieta akicheka na samaki wa kwenye video. Alipozinduka akafunua shuka, akakuta pete za chuma zimeuzunguka mguu na nyaya zimepenya nyama zikatokea upande wa pili. Hakulia kwanza. Alinitazama, akauliza, "Mama, ulijua?"

Sikuwa na jibu.

Kilio kilichofuata kiliisha. Hasara kubwa ilikuja tulipoanza kurefusha. Mfupa ukishakatwa, huvutwa milimita 1 kwa siku, na kwa fremu yetu tuligawa mara 4, robo milimita kila mara. Anayezungusha nati ni wewe mzazi, nyumbani. Sasa mara 4 kila siku unamwendea mtoto ambaye hauamini tena mkono wako. Binti yangu alikuwa akiniona tu na spana anajikokota hadi pembeni ya kitanda, analalia fremu nisiifikie. Kusafisha matundu ya pini, pale nyaya zinapoingia mwilini, ilikuwa vita. Mazoezi ya goti aligoma, goti likakakamaa. Mizunguko tuliyoikosa ikawa mingi, mfupa ukaanza kuunga kabla ya kufika urefu uliotakiwa, akarudishwa thieta kukatwa upya. Nusukaputi ya pili, maumivu ya pili, kwa uongo wa asubuhi moja.

Yule mhudumu hasira yake sijaimaliza. Aliongea kwa uhakika kama aliyewahi kulala na mtoto wa fremu hata usiku mmoja. Maneno yake mimi ndiye niliyeyabeba miezi yote ile, na mwanangu akayabeba mguuni.

Miwani yenyewe siilaumu. Mara ya pili tuliitumia tena na ilimsaidia sana, ila safari hii alijua anakwenda wapi na video aliichagua mwenyewe. Kabla ya hapo daktari wa mifupa alitupatia fremu ya mfano. Akaishika, akazungusha nati, akaifunga kwenye mguu wa mwanasesere wake, akauliza maswali ambayo hata mimi sikuwa nimeyafikiria: nitavaaje suruali? Nikigeuka usingizini itanichoma? Tukamjibu yote. Alipoamka alifunua shuka mwenyewe, akahesabu pete, akasema zimetimia.

Kwa hiyo mtoto asiamke na kitu mwilini ambacho hajakiona na kukigusa. Kwa miaka 6 mwambie kama wiki moja kabla, usisubiri usiku wa mwisho. Mwambie atalala kwa dawa na hatasikia akikatwa, akiamka mguu utauma na dawa ya maumivu ipo. Usithubutu kumwambia hautauma. Na kama fremu yake ni ile ya nguzo 6 zinazounganisha pete, inayopangwa na programu ya kompyuta, itatoka ratiba yenye namba ya kila nguzo kwa kila siku. Mpe yeye asome namba, wewe uzungushe.

Kesho asubuhi wapigie simu hospitali, omba fremu ya mfano. Wakisema hawana, omba hata pete moja na nati yake.