Bwawa limekuwa kijani? Achana na mrututu, angalia unachomwaga humo

Wiki hii kuna dada kaniandikia kutoka Njombe. Ana bwawa dogo la perege nyuma ya nyumba, umeme haujafika kwao, maji yamegeuka kijani mpaka haoni samaki, na muuzaji wa duka la pembejeo kamwambia amwage mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya bluu. Anauliza aweke vijiko vingapi. Dada yangu, usiweke hata kimoja. Na kwa vile hili swali naulizwa kila kiangazi, leo nalijibu hapa mbele ya wote, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Mimi nafugia Mbinga, huku milimani. Bwawa langu halina pampu wala sola, linategemea mfereji unaotoka kwenye kijito. Nilipoanza kuchimba watu walicheka. Kuna jirani yangu mmoja, mtu mwenye uwezo wake, alisema kilabuni mbele ya watu kwamba nachimba dimbwi la vyura, na waliokuwepo wakaangua kicheko, hata wale niliokuwa nawanunulia. Yeye alikuwa na mabwawa ya kisasa, mashine ya kupuliza hewa, jenereta, kila kitu. Sawa. Mwezi uliopita nimevuna, nimeuza pale pale kwenye tuta la bwawa, watu wamekuja na ndoo wenyewe. Ya jirani sitaki kuyasema sana, ila jenereta iliishiwa mafuta usiku na asubuhi harufu ikafika mpaka kwangu.

Na msidhani maji yangu ni meupe. Yana ukijani, tena ninautaka. Vile vimimea vidogo ndivyo chakula cha perege, na mchana kwenye jua vinatoa hewa humo majini. Shida ni vikizidi, maana usiku havitoi tena, vinagombania na samaki hewa ile ile. Amka saa kumi na moja alfajiri ukaangalie. Utakuta perege wamejipanga juu kabisa, vinywa wazi, wanachapa midomo, na ukipiga hatua hawakimbii. Jua likishapanda wanazama, wewe unasema wamepona. Hawajapona, kesho watarudi hapo hapo.

Kupima hakuhitaji mashine. Simama mahali hujavuruga tope, zamisha mkono wima huku kiganja umekikunja kikutazame. Maji yakifika kwenye kiwiko ndio vidole vinapotea machoni, uko vizuri. Vikipotea mapema, maji hata kiwiko hayajafika, ujue unalisha vimimea kuliko samaki.

Sasa mrututu. Unaua kweli, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu vikifa vyote kwa mpigo vinaoza, na kuoza kunamaliza hewa iliyobaki. Halafu mrututu wenyewe ni sumu kwa samaki, na kwenye maji laini, yale ambayo sabuni inatoa povu haraka, kiasi kidogo tu kinatosha kuwamaliza. Na ukishamwaga huwezi kuuchota.

Kwa hiyo tafuta kinachovilisha vile vimimea. Huku kwetu mara nyingi ni banda la nguruwe limejengwa juu ya bwawa na uchafu wote unatiririkia humo, au mbolea ya mahindi inasombwa na mvua za kwanza, au mtu anamwaga pumba debe zima kwa sababu ana huruma. Pumba isiyoisha ndani ya robo saa inazama na kuwa mbolea. Maji yakizidi kijani mimi naacha mbolea kabisa, na kulisha napunguza nusu. Siku ya mawingu mazito silishi. Ukiona utando juu kama rangi ya nyumba iliyomwagika, na unanuka, ng'ombe na mbwa wasinywe hapo, kuna aina ina sumu.

Mfereji wangu naufungulia usiku, mchana naufunga. Wengi wanafanya kinyume wakati mchana hewa ipo. Maji yanapita kwenye mwanzi niliotoboa matundu, yanadondokea mawe, yanaruka ruka ndio yaingie. Na ya chini nayatoa kwa mpira wa bustani: unaujaza maji, ncha moja chini bwawani, nyingine kwenye kabichi zilizo bondeni, yanajivuta yenyewe. Kabichi zangu waulizeni majirani. Nikishavuna nakausha bwawa mpaka tope lipasuke, lile jeusi nabebea kwenye kahawa, halafu napiga chokaa ya kilimo.

Vijana mnapenda cha kununua. Mtu bwawa lake analiona Jumapili kwa Jumapili halafu anataka dawa. Hakuna dawa ya uvivu jamani, nasema kwa upendo. Ukishindwa kuamka alfajiri hata wiki moja ukaangalie samaki wako, fuga kuku. Na kuku nao watakushinda, maana nao wanataka uamke.

Dada wa Njombe, anza na pumba, na lile banda la nguruwe ulilonitumia picha ulichimbie mtaro lielekee shambani. Leo, kabla mvua hazijaanza.

Yule jirani naye ameacha mambo ya jenereta, anachimba mfereji. Ameanzia juu ya wangu, kwenye kijito hicho hicho, wala hajaniuliza. Hilo tunalimaliza kwa mwenyekiti wa kijiji.