Barua kwa mwanangu: usiuondoe mswada wako

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sote wazima. Nimesoma ujumbe wako na maoni uliyoambatisha. Unaniuliza hivi: jarida limekurudishia mswada wa makala yako kuhusu uvuvi wa pweza, wahakiki wawili, yaani watafiti waliopewa na mhariri waisome, wamejaza kurasa nne, mhariri ameandika "marekebisho makubwa". Je, uuondoe, uupeleke kwa wale waliokuandikia kwamba ukilipa ada watauchapisha ndani ya siku tatu? Hapana, mama. Usiuondoe.

Mswada usiotakiwa kwa kawaida haurudi na maoni ya kurasa nne. Mhariri huukataa mapema kwa mistari miwili mitatu, mara nyingi hata wahakiki hawajauona. Wewe umepata watu wawili wasiolipwa chochote, wakakaa na kazi yako mpaka mmoja akagundua kwamba jumla ya Jedwali la 2 hailingani na ile uliyoitaja kwenye matokeo. Kisha mhariri akakwambia urudi. Mlango uko wazi.

Naona kilichokuuma ni swali la mhakiki wa pili: kwa nini takwimu zimerundikana katika siku chache za kila mwezi, na siku nyingine ni tupu? Anauliza kama ulichagua siku kwa kupenda kwako. Umeniandikia kwamba amekutukana. Hakukutukana. Wewe umekulia pwani hii. Unajua kwamba kina mama wa Kigombe hushuka mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokauka mpaka mashimo ya pweza yakawa wazi, na kwamba yakiingia maji mafu, yasiyokauka sana, watu hurudi kwenye shughuli nyingine. Jambo hilo ulilijua kabla hujaanza shule, ndiyo maana hukuona haja ya kuliandika. Yeye yuko mbali, ana karatasi yako tu mbele yake, na karatasi haisemi.

Basi iseme. Katika sehemu ya mbinu weka aya moja: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wachokoaji, yaani hao wanaowatoa pweza mashimoni, hufuata maji, kwa hiyo siku zisizo na takwimu ni siku ambazo hawakwenda mwambani. Ukishaiandika utaona jambo jingine ambalo mhakiki amekusaidia kuliona bila kulitaja. Takwimu zako ni za wachokoaji wa miguu peke yao. Vijana wanaozamia kwa miwani hawamo, na wao hawangoji bamvua. Kwa hiyo kichwa cha makala kinachosema "uvuvi wa pweza Tanga" kimebeba zaidi ya ulichopima. Kipunguze, kiseme uvuvi wa pweza kwa miguu, na mjadala wote ukifuate.

Vivyo hivyo uzito. Umeandika: "Pweza walipimwa baada ya kuvuliwa." Hata mimi mzaliwa wa hapa sijui ulimpima akiwa mzima au akiwa ameshatumbuliwa, na wapo wanaotumbua palepale ufukweni. Andika alikuwa katika hali gani, mizani ya aina gani, na muda gani baada ya kutoka majini. Sentensi ya namna hiyo haina uzuri wowote, lakini ndiyo itakayomwezesha mtu wa Madagaska kulinganisha pweza wake na wako.

Nakukumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, mkoa wetu huu, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa moto yakiganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu. Makala yao ikatoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Ninachotaka ukione ni kwamba waliandika walivyofanya: mililita 70 za maji, bika (glasi ya maabara), kipande cha povu la plastiki chini yake. Ndiyo maana mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, waliweza kulipima upya jambo hilo na kusema hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji moto hupoa haraka zaidi. Ubishi unaendelea mpaka leo, na unawezekana kwa sababu mbinu ziliandikwa.

Hao wa siku tatu hawatakuuliza habari ya bamvua. Mwaka 2013 John Bohannon, akiandikia jarida la Science, alituma makala ya kubuni kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali. Hebu fikiria makala yako iwekwe humo, na afisa uvuvi aitumie kuamua mwamba ufungwe miezi mingapi. Wanaokula hasara ni wale wale kina mama waliokuruhusu upime pweza wao. Na usije ukautuma kwao huku bado uko kwa jarida la kwanza. Mswada hauwekwi mahali pawili kwa wakati mmoja.

Kama ada ndiyo inayokutia hofu, majarida mengi ya wazi, yale yanayosomwa bure na kila mtu, husamehe watafiti wa nchi kama yetu. Soma ukurasa wao wa ada, uombe mapema.

Sasa kazi yenyewe. Fungua faili jipya. Nakili kila hoja ya wahakiki kama ilivyo, hata inayokuudhi, na chini yake jibu: umebadilisha nini, ukurasa gani, mstari gani. Usipokubaliana nao sema hukubaliani, kwa adabu na kwa ushahidi. Si lazima ukubali kila kitu. Utangulizi upunguze sana, bado ni ule wa tasnifu. Watahini walitaka kujua umesoma. Msomaji wa jarida anataka kujua unauliza nini. Yule bibi aliyekuonyesha mashimo mpe nafasi katika shukrani, na umuulize kwanza kama anataka jina lake litajwe.

Mhariri amekupa siku 60. Ukiona hazitoshi, mwandikie kabla hazijaisha, huwa wanaongeza. Jedwali la 2 nitumie pamoja na daftari ulilopiga picha, tuhesabu upya Ijumaa baada ya sala. Mama yako anakusalimu, anauliza kama dawa ya kifua umeimaliza.

Baba yako