Kompresa haijafa, pima mashine ikiwa na mzigo

Msomaji mmoja wa Tanga kaniandikia wiki hii. AC ya paani kwenye jengo analohudumia imeunguza kontakta ya pili, ile swichi ya sumaku inayowasha kompresa, anauliza afunge ya kampuni gani. Nikamuuliza: ulipima volti mashine ikiwa inavuta umeme? Kimya mpaka leo. Jamani, sisi sote tunataka kuitwa mafundi wakubwa, na huku tunabahatisha vipuri!

Ngoja niwape kisa cha supamaketi moja hapa Dar. AC ya paani, ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme, kila jua likiwa kali inazima. Akaja mhandisi, viatu vinang'aa, akapima koili za kompresa, yaani waya zilizosokotwa ndani ya mota yake, ikiwa bado ya moto. Hazisomi kitu. "Imekufa," akaandika. Nikamwambia ndani ya hizi kompresa za aina ya skroli kuna kinga inayokata yenyewe joto likizidi, na inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima kurudi, tuiache ipoe. Akamgeukia meneja: "Huyu fundi wa mtaani ndiye mnayemsikiliza?" Mbele ya walinzi na wapakia mizigo. Neno lile ninalo mpaka leo.

Alfajiri nikapanda. Koili zote tatu zinasoma sawa, na hakuna inayovuja kwenye ganda. Kompresa nzima kabisa. Sasa nani anaichemsha?

Nikasubiri jua, mashine ikawa inavuta kwelikweli. Pale paani nikapima volti kati ya kila jozi ya fezi, nikapata 401, 385, 384. Chini kwenye paneli kuu zote zinacheza 401 na 402. Wastani wa zile za paani ni 390, na iliyo mbali zaidi imeachana nao kwa volti 11, yaani asilimia 2.8. Watengenezaji wengi hawataki ipite 2, kwa sababu hata hiyo 2.8 inapandisha joto la koili kwa karibu asilimia 16. Halafu angalia: jozi zote mbili zilizoshuka zina fezi nyekundu ndani yake.

Nikaenda kwenye swichi kubwa ya paani. Ncha moja ya mita pale fezi nyekundu inapoingia, nyingine pale inapotoka. Volti 18, mahali panapotakiwa kusoma karibu na sifuri! Nikazima kule chini, nikapiga kofuli, nikafungua. Lagi, kile kichwa cha chuma kinachoshika waya, imeota ukijani wa chumvi ya bahari, plastiki imekuwa kahawia. Nikakata waya mpaka kwenye shaba safi, lagi mpya, swichi mpya. Haijazima tena.

Kwa hiyo pima ikiwa na mzigo. Mita ya omu ingesema swichi ile ni nzima, maana hapakuwa na ampea za kuiumbua. Kontakta ikinguruma, pima zile volti 24 za koili yake wakati inavuta, si ikiwa imelala. Fyuzi ya bodi inayoongoza mashine ikikatika kila ukiweka, usiweke kubwa zaidi. Chomoa waya za thamostati mmoja mmoja ujue upi unaoikata, kisha kagua pale zinapopita kwenye ukingo wa bati. Na pima ikiwa na mzigo, narudia.

Meneja alipoona ankara akasema, "Swichi tu ndiyo hela yote hii?" Tangu hapo naandika vipimo kwenye ankara, vya kabla na vya baada, na mteja anasaini mstari huo kabla ya kufika kwenye bei.