Kama huna breki upande wako, usimwashie mtoto gari

Mleta mada, funguo za gari zirudishe pale zinapotundikwa. Uzi wako sijaumaliza. Nimefika hapo ulipoandika "nitakaa pembeni yake, mkono kwenye handibreki, nini kitaharibika?" nikashindwa kuendelea. Unataka kumfundisha mwanao kuendesha: binti wa miaka 13, gari la oto, Jumapili asubuhi, kiwanja kitupu huko Sahare, hapahapa Tanga, baba kiti cha kushoto. Kiti hicho nimekikalia mimi, kijana wangu wa miaka 14 akiwa kwenye usukani, kwa hiyo nitakujibu habari ya kiti. Hayo mengine uliyouliza, sijui uwanja gani, sijui oto au manyuo, wenzangu wamo humu.

Kwanza niambie: handibreki yako iko wapi? Usijibu haraka. Hata mimi ningeulizwa siku ile ningejibu haraka. Gari nimelimiliki miaka, na kila nikiegesha nakanyaga kile kipedali cha pembeni kwa mguu wa kushoto. Ndiyo breki ya kuegesha ya gari langu, haina mkono wa kuvuta. Magari kadhaa ya familia ya Kijapani, hasa yale yenye gia kwenye dashibodi, yametengenezwa hivyo ili katikati ya viti pabaki wazi. Mguu wangu ulikuwa unaijua hiyo breki siku zote, kichwa hakijawahi kuulizwa. Siku gari linaondoka na mtoto, mkono wangu wa kulia ukashuka katikati ya viti kutafuta handibreki, ukakamata chupa ya maji ya kunywa. Nikaivuta. Chekeni tu wakuu, nimeshazoea: nilivuta chupa ya maji kwa nguvu zangu zote.

Aliyenitia ujinga huu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Simtaji, ila akisoma humu atajijua, maana ni mtu wa kusoma kila kitu na kutoelewa nusu yake. Yeye alijifunzia kwenye mashamba ya mkonge zamani hizo, kwenye trekta, na baadaye akawa na pikapu kuukuu yenye handibreki katikati, mkono mrefu unaoweza kuupiga teke. Ndipo alipotoa fatwa yake: "Shemeji, mkono kwenye handibreki, basi. Mtoto akikosea unavuta." Tena akaniambia mbele ya mke wangu, nikaonekana mwoga nikisita. Kwenye pikapu yake, mtoto akikosea klachi injini inazima yenyewe na mnacheka. Kwenye trekta, ukikanyaga mafuta unapata moshi kwanza, mwendo baadaye. Elimu yote hiyo akaihamishia kwenye gari langu ambalo hajawahi kuliendesha hata kwenda sokoni. Tangu siku ile tukikutana kwenye shughuli za familia anaanza yeye kusema, "Lakini mimi nilisema handibreki." Shemeji, ilikuwa mguuni kwa mpwa wako!

Na wewe ambaye lako lina mkono katikati, usitabasamu bado. Breki hiyo imewekwa kulishikilia gari lililokwisha kusimama. Kwenye magari yetu mengi madogo inabana matairi ya nyuma tu, huku injini inavuta ya mbele. Mtoto akiwa amekandamiza mafuta, wewe unavuta nyuma na yeye anakokota mbele. Nani atashinda, mjaribu wenyewe na gari la kukodi, si langu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana watu wanadhani ajali ya namna hii ni ya mtoto mtundu. Wangu si mtundu. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo paliponiponza. Gari la oto ukiweka D, gia ya kwenda mbele, na kuachia breki linatambaa lenyewe bila kukanyaga mafuta. Kwa hiyo mtoto anazunguka kiwanja mara hii na mara ile, anageuza usukani, anasimama, unamsifu, na kumbe muda wote huo hajaendesha, amesukumwa na injini inayonguruma polepole. Hajawahi kukutana na mafuta. Nami nikavimba kichwa, nikamwambia sasa ongeza kidogo, nenda hadi kwenye ule mwembe, usimame. Kiwanja kipo upande wa Mwahako, kimepakana na njia ya miguu. Karibu na mwembe kulikuwa na tofali za mtu za inchi 6, kazipanga vizuri zisubiri pesa ya msingi.

Akaongeza. Akafika. Mzee mmoja akatokea njiani na baiskeli, kama wanavyotokea wazee wa mji huu, bila haraka na bila kutazama. Nikasema, "Simama." Mtoto akakanyaga, gari likaruka mbele. Nikapiga kelele, "Breki!" Akakandamiza zaidi.

Hili nimelitafakari sana na ndilo nataka ulichukue. Mtoto anayepigiwa kelele "breki" anakandamiza kilicho chini ya mguu wake, na chini ya mguu wake palikuwa na mafuta. Gari lilivyozidi kukimbia ndivyo alivyoamini hajakanyaga vya kutosha. Madereva wazima wenye leseni hufanya kosa hilohilo, seuze mtoto aliyevuta kiti mbele na kukaa ncha ya siti ili afikie pedali, kisigino kikining'inia. Na kitu kingine: nilipomtazama mikono, vidole vyote alikuwa amevifunga kwenye usukani, anaubana. Alikuwa anapiga breki ya baiskeli! Mtoto wa Tanga anapanda baiskeli kabla hajajua kusoma, breki yake iko vidoleni. Akishtuka, mwili unakwenda kule ulikofundishwa kwanza. Binti yako anaendesha baiskeli? Basi vidole vyake vimeshajifunza, na hutavifundisha upya kwa Jumapili mbili.

Wajuaji wanakuja kuniuliza mbona hukusukuma gia kwenye N, ile isiyovuta. Gia ilikuwa mbele yangu kabisa kwenye dashibodi, nilikuwa naifikia hata kwa kiwiko. Nililikumbuka hilo usiku, kitandani, kwa ufasaha mkubwa. Gari likiwa kwenye kilomita 20 kwa saa linakula mita 5 na nusu kila sekunde, na 20 ni mwendo wa baiskeli yenye haraka. Ukishamaliza kusema "jamani," umeshapita nyumba ya mtu. Na usiniambie ungezima kwa ufunguo: ufunguo uko kulia kwa dereva, wewe uko kushoto, na injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki inapoteza msaada wake. Nilichofanya ni kile anachofanya kila mtu, nikaudaka usukani nikauvuta kwangu. Gari likaenda kushoto, likaziparamia tofali. Watu mtaani wanasema nilimwokoa mzee. Waache waseme, siwakatishi.

Mzee alijirusha kutoka kwenye baiskeli akaangukia mkono. Baiskeli yake, Phoenix ya siku nyingi, tairi la mbele likapitiwa na bampa langu. Kijana wangu akashuka anatetemeka, akaenda pale mzee alipokaa chini kwenye vumbi, na kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni kilikuwa, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu." Halafu ndipo akageuka kwangu, akaanza. Sitayaandika humu, moderata watafuta.

Hapo ukadhani yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza, na hizi ndizo gharama zenyewe. Kifundo cha mkono kimevunjika, tukampeleka hospitali ya Bombo. Majeruhi wa ajali ya gari anatakiwa awe na PF3, ile fomu ya matibabu. PF3 inatoka polisi. Polisi swali la kwanza ni nani alikuwa anaendesha. Unaona mnyororo huo ulivyofungwa? Ndani ya saa moja nimetoka kwenye "tunacheza tu kiwanjani" nimefika kaunta. Kuna walioninong'oneza niseme nilikuwa naendesha mimi. Kijana wangu amesimama pembeni ananitazama nitajibu nini, na mashahidi wako kiwanja kizima, pamoja na mzee mwenyewe aliyeitikia marahaba. Nikasema ukweli. Kumwachia gari mtu asiye na leseni ni kosa la mwenye gari, si la mtoto peke yake. Na nikaelezwa taratibu kabisa kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake ina mahakama yake na ustawi wa jamii wanahusishwa. Kusikia jina la mwanao na neno mahakama katika sentensi moja, na wewe ndiye uliyempa funguo! Mama yake hakuniuliza kitu siku hiyo. Alianza kuuliza wiki iliyofuata, na hajamaliza.

Halafu bima. Nilikuwa na bima kubwa, nikatembea kifua mbele. Wakala aliyeniuzia, kijana msafi mwenye tai, aliniapia kwamba bima kubwa "inalipa kila kitu, hata ukigonga mbuyu." Mbuyu ndiyo. Kuhusu dereva asiye na leseni hakusema, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ambayo mimi na yeye hatukuisoma. Dai likarudi na mstari mmoja. Kwa hiyo rejeta, bampa, taa, boneti, fundi bodi na rangi ni mfuko wangu. Tofali ni mfuko wangu. Matibabu ya mzee, baiskeli mpya na siku zake za kukaa bila kazi ni mfuko wangu, na tulikaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa tukakubaliana kiungwana. Mzee alikuwa muungwana kuliko shemeji.

Kuna mmoja hapo juu ameweka video ya watoto wa Marekani wanaendesha pikapu shambani, anasema sisi tunawadekeza watoto. Ndugu yangu, Marekani kila jimbo lina umri wake. South Dakota wanatoa kibali cha kujifunza kwa mtoto wa miaka 14, kwa sheria, baada ya kumpima. Uingereza wanasubiri miaka 17. Kwetu ni 18, na leseni ya kujifunzia yenyewe nayo hutampatia kabla ya hapo. Na kiwanja chako cha Sahare si shamba la ekari elfu lililozungushiwa waya. Kina njia ya miguu, watoto wa mpira, mbuzi, na mzee wa baiskeli.

Kwa hiyo shika hili moja. Kama upande wako hakuna breki, hilo si gari la kufundishia. Umewahi kutazama gari la shule ya udereva, ukaona kwa mwalimu kuna pedali? Hiyo pedali ndiyo mwalimu mwenyewe. Mdomo ni nyongeza. Bila pedali hiyo wewe ni abiria mwenye kelele.

Mpaka afike miaka 18, kuna mengi ya kumfundisha gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Mfunze kupima oili na maji. Mwache abadili tairi mwenyewe, tena ajue kwa nini nati zinalegezwa kabla jeki haijainua. Akae kwenye siti apange vioo, akwambie bodaboda anapotelea wapi. Wewe zunguka nyuma ya gari akutafute. Ajue kifua kinatakiwa kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, kwa sababu ya mfuko wa hewa, na akiona hafikii pedali kwa umbali huo ataelewa mwenyewe kwamba mwili bado. Mkiwa safarini kwenda Muheza au Pangani, mpe kazi ya kukusomea barabara kwa sauti: kibao kile, baiskeli ile, mtoto yule anataka kuvuka. Wangu anafanya hivyo sasa na ananikosoa kila kona, hadi natamani arudi kulala.

Uliuliza na kitu kuhusu shule nzuri ya udereva hapa mjini. Au ilikuwa bei? Nitarudi kusoma.

Ila jioni hii nenda kwenye gari, likiwa limezimwa. Kaa kiti cha kushoto, funga mkanda, fumba macho, mwambie mkeo apige kelele ghafla, kisha utafute hiyo handibreki. Njoo utuambie umeshika nini.

Na kama kuna mtu anajua wanakouza taa ya mbele ya kushoto iliyotumika, bei ya kindugu, aniandikie pembeni nimtajie gari. Bado naendesha na jicho moja.