Pembe zenye kutazamana hazijumlishwe

Mudogo yangu, kwa lile zoezi lako la mistari mbili inakatana, pembe mbili zenye kutazamana ni 3x + 10 na 5x − 30 na unatafuta x, shida haiko kwa alijebra yako, iko kwa mchoro. Umejumlisha 3x + 10 na 5x − 30 ukaweka 180, ukapata x = 25, sasa rudisha ile 25 uone: pembe moja inakuwa 85, ingine 95, na hizo pembe zinatazamana, lazima zilingane! Waza njia mbili zinakatana pale Birere, mtaa wa Goma, kona zenye kutazamana ziko sawa, zile za jirani njo zinafanya 180. Basi andika 3x + 10 = 5x − 30, inabaki 40 = 2x, x ni 20, kila moja 70, jirani yake 110. Urudishaka x kwenye mchoro hata mwalimu asipokuomba.