Mkahawa hauzai kahawa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mnazi huzaa nazi. Mwanangu aliandika insha kuhusu shamba la babu yake, akataja "mikahawa mia moja", akakosolewa. Kosa lake ni lipi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Mtoto alifuata kanuni vizuri sana. Kilichomponza ni neno kahawa lenyewe, ambalo tangu asili ni jina la kinywaji, si la tunda.

Waarabu wana maneno mawili: punje ni bunn, kinywaji ni qahwa. Neno la kwanza lina ndugu zake Ethiopia, mmea huu ulikotoka. Kwa Kiamhari kahawa ni buna, iwe punje iwe ya kunywa. La pili, wanakamusi wa kale wa Kiarabu wanasema liliwahi kuwa jina la mvinyo. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa maji ya buni, yaani punje za kahawa, ili wakeshe kwenye dhikiri, na jina likahamia huko. Wapo wanaolihusisha na Kaffa, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Mimi siafiki, kwani Wakaffa wenyewe husema buno.

Kinywaji kiliposafiri kilikwenda na jina lake: kahve kwa Waturuki, caffè kwa Waitaliano, koffie kwa Waholanzi. Wazungu wengi waliijua kahawa ikiwa kikombeni, mti wake hawajauona, basi jina hilo moja likatanda mpaka kwenye punje. Sisi wa pwani, majirani wa Yemen, tulipokea yote mawili, na kila moja tukalipachika m- yake. Kwa buni tukapata mti, mbuni, wingi mibuni. Kwa kahawa tukapata mahali pa kunywea, mkahawa, ambao wengine huuita mgahawa. Utajiri huu naupenda mno, na inaniuma kuona buni likififia midomoni mwa vijana.

Huko kwenu jina limetangulia mti. Wazee wa Unguja na Lamu walikuwa wakimimina kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa, kabla wamisionari wa Roho Mtakatifu hawajapanda mibuni Kilema, huko Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19. Mbegu zao zilitoka kisiwa cha Réunion zikapitia Bagamoyo, na Réunion nayo ilipata mibuni yake Yemen. Wahaya ni habari nyingine: wao wana kahawa yao ya kutafuna, na jina lao, amwani.

Angalizo moja. Mbuni ni mti, ni ndege mkubwa asiyeruka, na ni mtu anayebuni. Upatanisho ndio unaotenganisha: mbuni huu umechanua, mbuni huyu anakimbia. Na ukivuka mpaka kwenda Kenya, wafanyabiashara wa kahawa huita mbuni zile kahawa zilizokaushwa na ganda lake bila kupitishwa mashineni, kwa hiyo usishangae ukisikia mbuni ikipimwa kwa kilo.

Mwanao aandike hivi: "Babu ana mibuni mia moja, jana tulichuma buni, jioni tukanywa kahawa."